Kipimo cha Mishipa ya Tumbo na Mipaka ya Kuona

Altrasaundi ya mishipa ya tumbo ni uchunguzi wa njia za damu zilizo ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mwanadamu haliyasikii. Hutazamwa aota, yaani mshipa mkuu unaoshuka kutoka moyoni ukiegemea uti wa mgongo. Matawi yake yanayolisha ini, bandama, matumbo na figo. Vena kubwa inayorudisha damu moyoni. Na vena ya potali, inayokusanya damu ya matumbo na bandama na kuipeleka kwenye ini. Hakuna kisu, hakuna mionzi, na kwa kawaida hakuna hata sindano. Mgonjwa hulala, hupakwa jeli, hupitishiwa kifaa cha mkononi juu ya tumbo, na mara nyingi katika muda usiozidi saa moja huinuka na kwenda zake.

Kwa mwili, basi, ni kipimo chepesi. Uzito wake uko kwingine. Kinamwezesha mtu aliye hai na mwenye akili timamu kuona kinachoendelea ndani yake, jambo ambalo vizazi vilivyotangulia vilimwachia Mungu, au mganga aliyedaiwa kupewa macho ya pekee. Ndiyo maana swali la nini cha kutarajia, mjini Mpanda na katika mkoa wote wa Katavi, ni la kitabibu nusu tu. Nusu iliyobaki ni ya imani: je, kuona huku ni kujua? Ni kujua nini? Na anayejua anawajibika kufanya nini?

Mawimbi yanayotumika kuchunguza tumbo huwa kati ya megahezi 2 na 5, yaani mitetemo milioni mbili hadi tano kwa sekunde, wakati sikio hukomea kwenye elfu ishirini. Yakigonga kitu kilichotulia hurudi yalivyokwenda. Yakigonga chembe za damu zinazosogea hurudi yamebadilika kidogo, na kiasi cha badiliko hilo ndicho kinachosema damu inakwenda wapi na kwa kasi gani. Christian Doppler alieleza kanuni hii mwaka 1842 huko Prague, akiwa anafikiria rangi za nyota pacha. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot aliijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht. Aliyewahi kusimama kando ya reli ya Kaliua hadi Mpanda, ile ya kilomita 210 iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi, anaifahamu bila fizikia: honi ya treni inayokuja ni nyembamba, na treni ikishapita sauti hiyo hiyo inakuwa nzito.

Kwenye skrini badiliko hilo hugeuzwa rangi, na hapa ndipo wengi hukosea. Nyekundu haimaanishi damu safi, wala buluu damu chafu. Mashine imepangwa tu kuonesha kwa rangi moja damu inayokuja upande wa kifaa, na kwa rangi nyingine damu inayokwenda mbali nacho. Mtaalamu anaweza kuzibadilisha kwa kubonyeza kitufe. Hata ule mvumo unaosikika chumbani, ambao huwagusa wagonjwa wakidhani wanaisikia damu yao, ni badiliko la mawimbi lililotengenezwa liweze kusikika. Damu yenyewe haivumi hivyo. Kuna jambo la tatu, na kifalsafa ndilo kubwa kuliko yote: damu inayopita kwa kukatiza mwale wa sauti kwa nyuzi 90 haileti badiliko lolote, hivyo mshipa wenye damu tele unaweza kuonekana mweusi mtupu, kana kwamba umeziba. Mtaalamu mzuri huinamisha kifaa, hutafuta pembe isiyozidi nyuzi 60, kisha hutazama tena kabla ya kuandika neno lolote.

Katika nchi za Magharibi kipimo hiki hufanywa zaidi kwa ajili ya aota. Mshipa huo kwa mtu mzima huwa na upana wa sentimita 2 hivi. Ukifika 3 huhesabiwa kuwa umevimba, na kwa wanaume ukifika 5.5 upasuaji huanza kujadiliwa, kwa kuwa ukipasuka kifo huja haraka. Uingereza huwaita wanaume wote wapimwe wanapotimiza miaka 65. Hutazamwa pia ateri za figo kwa mwenye presha isiyoshuka kwa dawa: damu ikipita hapo kwa kasi inayozidi sentimita 180 au 200 kwa sekunde, hushukiwa kuwa njia imekuwa nyembamba.

Katavi ina sababu yake, nayo imo majini. Mwambao wa Ziwa Tanganyika kuanzia Ikola hadi Karema, pamoja na mabonde ya mpunga yanayolimwa watu wakiwa wamezama hadi magotini, ni mazingira ya kichocho. Minyoo ya kichocho cha tumbo huishi ndani ya vena za matumbo, dume na jike pamoja, kwa miaka. Mayai yanayotagwa hutakiwa kutoka kwa njia ya choo, lakini mengi huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama katika matawi ya vena ya potali. Mwili huyazungushia kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka juu ya mwaka, njia ya damu hubanwa. Symmers, aliyekuwa akichunguza maiti nchini Misri, alieleza makovu hayo mwaka 1904, akiona kuta nene nyeupe zimeizunguka mishipa ndani ya ini. Leo kuta hizo huonekana kwa altrasaundi zikiwa mistari inayong'aa, na tangu mkutano wa wataalamu uliofanyika Niamey mwaka 1996 kuna utaratibu wa kimataifa wa kuzisoma na kuzipa daraja. Vena ya potali, ambayo kwa kawaida haizidi milimita 13 hivi, hutanuka. Damu hupungua mwendo, na wakati mwingine hugeuka na kurudi ilikotoka. Bandama huvimba. Damu hutafuta vichochoro, ikiwamo mishipa midogo ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Siku mojawapo mshipa mmoja hupasuka, na mtu aliyekuwa analima jana hutapika damu leo.

Ugonjwa wa namna hiyo huzaa maswali yake. Kabla ya kuyafikia, kuna maandalizi.

Mgonjwa hutakiwa asile kwa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo, kwa kuwa gesi ya tumboni huzuia mawimbi yasipite. Chakula cha jioni ya kutangulia kiwe chepesi. Maharage, kabichi na soda viachwe. Sigara na bazoka huachwa asubuhi hiyo, maana anayevuta au kutafuna humeza hewa pia. Dawa za kila siku kwa kawaida humezwa kwa maji kidogo, ila mwenye kisukari lazima aseme mapema, kwa sababu kukaa na njaa huku ametumia dawa kunaweza kumwangusha. Aliye katika saumu ya Ramadhani yuko tayari kwa kipimo kuanzia mchana: jeli inayopakwa juu ya ngozi na kifaa kinachopita nje ya mwili havifunguzi, kwa kuwa hakuna kinachoingia ndani. Mkristo aliye kwenye mfungo naye hana cha kuhofia. Kuhusu stara, kinachofunuliwa ni tumbo, kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu, na sehemu nyingine hufunikwa. Mwanamke anaweza kuomba mtaalamu wa kike, na asipopatikana anaweza kuomba ndugu aingie naye. Sheria ya Kiislamu huruhusu kwa haja ya matibabu kile isichokiruhusu bila haja, na kwa kiasi cha haja hiyo tu.

Ndani ya chumba taa hupunguzwa. Jeli huwa baridi. Mtaalamu hubonyeza, pengine kwa nguvu ili kuisukuma gesi kando, na husema, "Vuta pumzi, baba, ishikilie hapo," kisha "Geukia kushoto." Baadaye hunyamaza. Ukimya huo huwatesa wagonjwa kuliko kubonyezwa, nao huanza kuusoma uso wake. Kwa sehemu kubwa ananyamaza kwa sababu anapima na kuhesabu, na kwa sababu katika vituo vingi kazi ya kutoa jibu ni ya daktari aliyemtuma mgonjwa. Uso uliokunjamana mbele ya skrini mara nyingi ni uso wa mtu anayepambana na gesi.

Swali la kwanza la imani ni kama kutazama huku ni kuingilia mambo ya Mungu. Halikuanzia Katavi wala halikuanzia kwenye mishipa. Liliibuka kwa nguvu altrasaundi ilipoanza kuonesha jinsia ya mtoto aliye tumboni, kwa kuwa Sura ya Luqman, katika aya yake ya 34, inahesabu yaliyomo matumboni mwa wazazi miongoni mwa mambo ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Jibu la wanazuoni wengi wa zama hizi ni kwamba ghaibu ni kile kisichofikiwa na kiumbe kwa njia yoyote. Kilichokwisha kuumbwa na kuonekana kwa chombo kimetoka kwenye ghaibu, na elimu ya Mungu, inayotangulia kuumbwa kwake na kujua mwisho wake, haijapunguzwa kitu. Wakristo wana Zaburi ya 139, ambayo inamshangaa Mungu aliyemwona mtu kabla viungo vyake havijakamilika. Nayo haisemi kwamba wengine wamekatazwa kutazama. Hoja hizi zinatosha. Mashaka yaliyobaki kwa kawaida si ya kitheolojia. Ni woga wa kuambiwa, uliovikwa vazi la ucha Mungu.

Ibn al-Nafis ni shahidi anayefaa hapa. Alikuwa tabibu, na alikuwa pia mwanasheria wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Kabla ya kufa Cairo mwaka 1288 alikuwa ameandika kwamba damu haipenyi ukuta wa katikati ya moyo kama vitabu vya tabibu wa kale Galen vilivyofundisha, bali hupita mapafuni. Alisema sheria na huruma vilimzuia kupasua maiti. Basi aliijua njia ya damu kwa kufikiri zaidi kuliko kwa macho, akiwa ndani ya dini yake na bila kuona mgongano wowote. Anayetazama skrini leo yuko kinyume chake kabisa: anaiona damu ikipita, na bado anaweza asijue anachokiona.

Hapo ndipo swali la pili linapokaa, na ndilo lenye kina. Kipimo hiki kinatoa elimu ya namna gani? Kuna yakini, kuna dhana na kuna shaka, na wanazuoni wa fikihi wamezitenga daraja hizi kwa uangalifu mkubwa. Picha ya mishipa ya tumbo haifiki kwenye yakini. Inategemea mkono wa anayepima, mwili wa anayepimwa, gesi, mafuta, pembe ya mwale na umri wa mashine. Inapoandikwa kwamba mshipa fulani haukuonekana vizuri, haijasemwa kwamba mshipa huo ni mzima, wala kwamba una ugonjwa. Inapoandikwa kwamba hakuna tatizo lililoonekana, ushahidi umetolewa juu ya kilichotazamwa, siku hiyo, kwa chombo hicho. Kituo chenye altrasaundi ya kawaida isiyo na Doppler kitaona umbo la mshipa na upana wake bila kuuona mwendo wa damu, kwa hiyo anayetumwa kupima mishipa afadhali aulize hilo kabla ya kulala kitandani.

Hata hivyo, udhaifu huo hauifanyi picha kuwa kitu cha kubahatisha. Fikihi inaruhusu, na mara nyingine inadai, mtu atende kwa dhana yenye nguvu, kwa kuwa mambo mengi ya maisha hayaleti zaidi ya hiyo. Thoma wa Akwino, alipokuwa akijadili mashahidi wa mahakamani katika karne ya 13, alikubali vivyo hivyo kwamba katika matendo ya watu haiwezekani kudai uhakika wa hesabu. Yatosha ule unaofikia ukweli katika mengi, japo katika machache unakosea. Picha ya altrasaundi ni shahidi wa namna hiyo. Inasikilizwa, inahojiwa, inalinganishwa na shahidi mwingine: kipimo cha choo, cha damu, mkono wa daktari, historia ya mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa anayeitaka iseme yote, na daktari anayeiacha iseme peke yake, wamekosea kwa pamoja.

Swali la tatu ndilo ambalo watu huingia nalo chumbani bila kulitamka. Mtu akitapika damu au tumbo likijaa maji, jamaa huuliza ni nani aliyemroga. Kusini magharibi mwa Tanzania swali hilo limekuwa na wataalamu wake. Katika miaka ya 1930 vijana wa mchape, waliotokea Nyasaland (Malawi ya leo) na kuenea hadi nchi ya Wabemba, jirani na Ufipa, waliwapanga wanakijiji mstari na kuwatazama mmoja mmoja kwa kioo kidogo ili wamjue mchawi. Mnamo 1963 na 1964 Ufipa yenyewe ilipitiwa na Kamchape, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliandika juu yake, na jina hilo halijafa. Mwaka 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na ramli chonganishi ikawa msamiati wa kila taarifa ya habari.

Kioo cha mchape na skrini ya altrasaundi vyote viwili vinadai kuonesha kilichofichika, na itakuwa kiburi kudhani kwamba mgonjwa ni mjinga akiviweka kwenye fungu moja. Tofauti haiko kwenye umeme. Kioo kilisomwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyeweza kumsahihisha, na jibu lake lilikuwa ni jina la jirani. Kilichoandikwa kwenye ripoti ya altrasaundi kinaweza kurudiwa kesho na mwingine, kwa mashine nyingine, na akapinga. Kipimo kisichoweza kupingwa, hata kikiwa na waya na skrini, kimerudi kuwa kioo. Na daktari anayekasirika akiombwa maoni ya mwenzake amekaribia kuwa mganga wa kienyeji.

Husemwa mara nyingi kwamba sayansi hujibu vipi na dini hujibu kwa nini. Mgawanyo huo ni mwepesi mno. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, alionesha kwamba watu wale walijua vema kuwa mchwa ndio walioangusha ghala. Walichouliza ni kwa nini liliwaangukia watu wale waliokuwa chini yake, saa ile. Mtu wa Karema anaweza kuuliza hivyo hivyo. Anajua kuwa maji yana kichocho. Lakini ndugu yake ameoga ziwa hilo hilo tangu utoto na ini lake halina kovu. Kwa nini yeye? Sayansi haijakaa kimya juu ya hilo. Wingi wa minyoo na miaka ya kuingia majini vina sehemu yao, na mwaka 1999 utafiti uliofanywa Sudan chini ya Alain Dessein uliunganisha makovu makali ya ini na eneo fulani la vinasaba, karibu na jeni inayohusika na kinga ya mwili. Kwa hiyo hata lile la kwa nini yeye limeanza kupata jibu. Kinachotenganisha jibu hili na lile la ramli ni kwamba halina adui ndani yake. Hakuna jirani wa kufukuzwa, hakuna bibi kizee wa kuuawa kwa sababu ya macho mekundu.

Na dini, tofauti na inavyodhaniwa, haikai upande wa ramli. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa swali lenyewe lilivyoulizwa. Uislamu unamkataza mtu kumwendea kahini na kumsadiki. Katavi ina mfano wake wa hadharani. Adrien Atiman, aliyezaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto na kukombolewa na Mapadre Weupe, alisomea utabibu Malta na kufika Karema mwaka 1889, miaka minne tu baada ya ngome ya Wabelgiji pale kugeuzwa misheni. Alioa kwa Wabende. Mpaka kifo chake mwaka 1956 alikuwa katekista na tabibu kwa pamoja, na hakuna anayesimulia habari zake kama mtu aliyegawanyika. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, kinamheshimu tabibu na dawa zake katika sura ya 38. Katekista wa Karema hakuhitaji ruhusa nyingine.

Kando ya Ziwa Katavi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, upo mkwaju ambao wenyeji huuhusisha na mzimu wa Katabi, na watu huacha sadaka chini yake. Anayepita hapo kabla ya kwenda hospitali Mpanda hajamdhuru mtu. Kuomba baraka ni jambo moja, kumtaja mshukiwa ni jingine, na sheria za nchi pamoja na dhamiri zinapaswa kulikabili hilo la pili.

Je, ni nani aambiwe kilichoonekana? Vitabu vya maadili ya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vinajibu bila kusita: mgonjwa mwenyewe. Mpanda, mgonjwa mara nyingi amefika na kaka mkubwa, mjomba au mtoto aliyelipa nauli, na wote wanangoja nje wakiamini kwamba habari ni yao pia. Mara nyingine wanaomba mzee asiambiwe. Ombi hilo linatoka kwenye upendo, lakini mzee asiyejua kuwa mishipa ya umio wake imevimba hatajua kwa nini amekatazwa dawa za maumivu za dukani, zile zinazochubua tumbo, wala kwa nini kinyesi cheusi kama lami ni sababu ya kukimbilia hospitali usiku huo huo. Aulizwe kwanza yeye kama anataka kujua, na anataka nani awepo. Akisema mwambieni mwanangu, hiyo ni amri yake, na kuifuata ni kumheshimu.

Limebaki swali la wajibu. Kituo cha karibu kinapokosa Doppler, au jibu linapodai endoskopi na daktari bingwa, mgonjwa wa Katavi huenda akaelekezwa Mbeya, zaidi ya kilomita 500, au Mwanza. Nauli, chakula na malazi ya watu wawili vinaweza kumeza mavuno ya mpunga ya msimu. Je, asiyekwenda amejiua? Papa Pius wa 12 alilijibu swali la aina hii tarehe 24 Novemba 1957, akizungumza na madaktari wa nusu kaputi: mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, zile zisizomletea yeye au wengine mzigo mkubwa kupita kiasi, kulingana na mtu, mahali na wakati. Wanafikihi wengi wa Kiislamu nao huona kutafuta tiba kuwa jambo jema, na baadhi yao huliita wajibu pale tu ambapo tiba inajulikana kwa hakika kuokoa na kuiacha ni kuangamia. Albert Einstein alikuwa na uvimbe wa aota, Rudolf Nissen akamfanyia upasuaji mwaka 1948, na uvimbe ulipoanza kuvuja Aprili 1955 alikataa kupasuliwa tena. Akafa siku chache baadaye, na ni wachache waliomlaumu. Mzee wa Mishamo anayekataa kuuza ng'ombe wote wa wajukuu ili apigwe picha ya pili ana haki ya kupimwa kwa mizani hiyo hiyo, mradi ameelezwa ukweli na kukataa kwake hakutokani na uvumi.

Lakini kanuni ya njia za kawaida ina upande wa pili ambao husahauliwa. Kisichokuwa mzigo ni wajibu. Makovu yanapoonekana kwenye altrasaundi, kichocho kimeshafanya kazi yake kwa miaka, na prazikwanteli huua minyoo bila kuahidi kuondoa kovu lililokwisha kukomaa, hasa kwa mtu mzima. Kipimo cha choo kwa hadubini hakimpeleki mtu Mbeya, na dawa yenyewe humezwa kwa dozi ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Watoto hugawiwa mashuleni. Mvuvi wa Ikola na mkulima wa mpunga aliyemaliza shule zamani mara nyingi hawagawiwi, hivyo ni juu yao kwenda zahanati na kuomba wapimwe choo, hata kama tumbo haliumi.